Siku ya Gladwell Kuketi

Nianze na kosa langu, kwa sababu nikilichelewesha mtanidhania mtu mwema. Mimi ni Naftaly, mkulima wa majani chai hapa Kibugu. Siku niliyomwoa mke wangu nilimwahidi kitu kimoja, na kwa miaka thelathini na sita sikukitimiza.

Gladwell ni mtu wa Mbeere. Alizaliwa huko chini kwenye joto, upande wa Kiritiri, na utoto wake wote aliumaliza akichunga mbuzi wa baba yake. Siku nilipokwenda kumchukua, pikapu iliyobeba sanduku lake ilichemka maji kwenye mwinuko, tukashuka kungoja ipoe. Yeye akageuka akatazama nyuma. Kule chini kulikuwa na ile mbuga ya Mwea, nyasi hadi macho yachoke. Nikamwuliza anatazama nini.

"Hapo nimepaona kila siku ya maisha yangu," akasema, "lakini sijawahi kupatazama nikiwa nimeketi. Mchunga mbuzi haketi. Ukiketi tu, mmoja ameshaingia shamba la watu."

Nami, kijana mwenye suti ya kuazima, nikajibu haraka, "Nitakuleta. Utaketi mpaka uchoke mwenyewe."

Ahadi ni deni, sote tunajua kusema hivyo. Lakini majani chai hayana habari na ahadi za mtu. Siku yake ikifika huchumwa, yasipochumwa hukomaa, na yakikomaa kiwanda hakiyataki. Lori la kiwanda lina siku yake ya kuja kituoni kuchukua majani, nalo halimngojei mtu. Mwaka wa kwanza nilimwambia Gladwell tutaenda Jumamosi fulani. Akachemsha viazi vitamu na mayai, akapanga kikapu, akavipaka viatu vyangu rangi. Alfajiri yake ng'ombe akashindwa kuzaa. Mwaka mwingine kikawa kilio cha mjomba. Mwingine ukawa ni wa kupogoa chai. Kuna mwaka hata sababu siikumbuki, namkumbuka tu yeye akikifungua kikapu na kuwagawia watoto yale mayai.

"Hakuna shida, Baba Mugendi," alisema.

Kila mara alisema hivyo hivyo. Angenitukana ningejitetea, maana kujitetea ni kazi niliyobobea. Hakunitukana.

Sasa mjue mimi ni mtu wa namna gani kwa chai yangu. Mimi huchuma majani mawili na kichipukizi, basi. Kikapu changu kikimwagwa pale mezani kituoni, karani huwa haangalii mara mbili. Sipendi mkono wa mtu mwingine kwenye miti yangu, na ubishi huo ndio ulioniponza.

Huku kwetu tuna ngwatio. Leo tunakuja shambani kwako, kesho kutwa tunaenda kwa mwingine, hakuna anayeandika popote na hakuna anayesahau. Lakini ngwatio ina masharti yake. Mwenye shamba huenda mwenyewe kwa miguu kuwaita watu. Hatumi mtoto, hapigi simu. Na siku yenyewe awepo, achume pamoja nao, awape uji na githeri ya mahindi na maharagwe. Asiyeita haendewi, hata majani yake yakiwa miti. Kumwendea mtu bila kuitwa ni kumwambia kwamba boma lake limemshinda.

Miaka kumi na mitano iliyopita nilivunjika mkono, nikaita. Wakaja watu kumi, akiwemo jirani yangu Mbaka, ng'ambo ya kijito. Nami na mkono wangu kwenye kitambaa cha shingoni nikawa napita mstari kwa mstari nikikagua, kana kwamba nimewaajiri. Nikafika kwa Mbaka, nikatia mkono kwenye kikapu chake, nikakuta majani magumu. Nikakimwaga chini. Mbele ya watu wote nikamwambia hicho ni chakula cha ng'ombe, ampelekee wake.

Mbaka aliokota kabuti lake la mvua akaenda zake. Wengine wakamfuata mmoja mmoja, bila kelele, na Gladwell akabaki peke yake katikati ya mistari.

Tangu siku hiyo sikuita ngwatio tena. Nilisema tutajisaidia wenyewe, na tulijisaidia, yaani Gladwell alisaidia. Lakini yeye hakuacha kwenda kwa wengine, hata kwa Mbaka. Nilimwambia anaharibu mikono yake bure kwa watu wasiotuhitaji.

"Mimi sikumwaga kikapu cha mtu," akanijibu, akachukua chake akatoka.

Basi, Januari hii, siku ya Jumapili baada ya kanisa, simu ikalia. Alikuwa mjukuu wangu Sheila, wa miaka tisa, anayetuita guka na cucu, yaani babu na nyanya. Baba yake, Mugendi, ndiye kifungua mimba wetu, anafundisha Meru mjini. Sheila amepewa jina la kienyeji la Gladwell, Wawira, kwa hiyo mimi humwita mke wangu mdogo ili nimuudhi yule mkubwa.

"Guka, uko na kalamu?"

"Ya nini?"

"Programu. Jumamosi tunaenda Mwea na cucu. Saa kumi na mbili asubuhi tunatoka hapo kwenu, saa mbili na nusu tuko geti. Usibebe chupa ya plastiki wala majuala, hawakubali kuingia nazo."

"Maji tutayabeba na nini, na kofia?"

"Na ule mkebe wa maziwa wa cucu. Nimeshafikiria. Cucu atakaa mbele. Wewe utakaa nyuma na mimi."

"Mimi ni mzee wa boma hili, nikae nyuma?"

"Unaongea sana, Guka. Wanyama watatoroka."

Mugendi akachukua simu huku akicheka. "Baba, gari ni ya Kinoti, rafiki yangu. Ametupatia hiyo Jumamosi peke yake. Jumatatu shule zinafunguliwa. Tukikosa hiyo, sijui tutapata lini ingine."

"Lori linakuja Ijumaa," nikamwambia. "Jumamosi niko huru kama ndege."

Nilipokata simu nilimtazama Gladwell. Alikuwa akimwangalia kuku wake wa kienyeji aliyeatamia kwenye kona ya jikoni, anakaribia kuangua. Alikuwa amesikia kila kitu. Alitikisa kichwa kidogo tu, kama mtu anayesikia habari za hali ya hewa ya nchi nyingine.

Jumatano wakatangulia kufika Kiende, mke wa Mugendi, pamoja na Sheila. Mugendi angelileta gari Ijumaa jioni. Kiende ni mtoto wa watu wa Meru, ana mdomo mwepesi na moyo mweupe, nami nampenda ingawa hulima vitunguu kwenye ndoo. Alikuwa amemnunulia mama mkwe wake raba za buluu, ndani ya boksi lake.

"Mami, jaribu hizi. Huko hutatembea na gamubuti."

Gladwell alipanda kitandani kabisa, akazivaa akiwa amenyoosha miguu juu ya blanketi ili zisiguse sakafu. Zilimtosha. Akazivua, akazirudisha kwenye karatasi zake, akaweka risiti chini yake, akafunika boksi.

"Risiti usipoteze," akamwambia Kiende. "Ikifika haja ya kuzirudisha dukani, ziko safi."

"Si zimekutosha?" nikauliza.

"Zimenitosha," akasema.

Sikuelewa. Nilidhani ni mambo ya wanawake na vitu vipya.

Siku hiyo nzima Sheila alitutesa na daftari lake. Alikuwa ameandika wanyama wote atakaowaona, na kando ya kila jina kisanduku cha kutia alama: ndovu, twiga, nyati, kiboko, punda milia. Mwishoni kabisa aliandika "Cucu kuketi", kwa sababu Mugendi alikuwa amemsimulia. Nilipolisoma hilo nikajifanya natafuta miwani yangu.

Alhamisi saa sita mchana ikaingia meseji kutoka kituoni. Lori limeharibika. Kesho halitakuja. Majani yatachukuliwa Jumamosi, na yaliyolala usiku kiwanda hakiyapokei.

Niliisoma mara tatu, labda ingebadilika. Kisha nikatoka mbio kutafuta vibarua. Mchumaji wa kibarua siku ya dharura ni kama mvua ya Februari: kuanzia hapa hadi Kianjokoma kila mmoja alikuwa ameshachukuliwa, kwa sababu kila mwenye chai alikuwa amepata meseji ile ile. Na chai yangu ilikuwa siku ya tisa tangu ichumwe. Kungoja zamu nyingine ni kuwalisha ng'ombe.

Nilirudi nyumbani taratibu, nikipanga maneno njiani. Nilikuwa mzoefu wa maneno hayo. Nilimkuta Gladwell nje akichagua maharagwe kwenye ungo, Sheila na Kiende wakiwa kando yake. Nikawaambia.

Sheila akafunga daftari. Kiende akainama, akaanza kuokota mawe ambayo hayakuwemo kwenye maharagwe.

"Hakuna shida, Baba Mugendi," akasema Gladwell.

Hapo ingeisha kama ilivyoisha miaka yote. Lakini macho yangu yakaenda jikoni, na nikaona kitu ambacho ningepaswa kukiona tangu asubuhi. Hakukuwa na kikapu. Hakukuwa na viazi vilivyooshwa, wala mayai yaliyotengwa. Miaka yote, siku mbili kabla ya safari, jikoni huwa hapapitiki.

"Kikapu kiko wapi?" nikauliza.

"Kipi?"

"Cha safari."

"Sikufunga."

"Kwa nini hukufunga?"

Aliinua macho akanitazama. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Kufunga si kazi," akasema. "Kukifungua ndiko kunachosha."

Akarudi kwenye maharagwe yake. Ndipo nikaelewa habari ya risiti. Mke wangu hakuwa amenikasirikia. Alikuwa ameacha kuniamini, kitambo, kimya kimya, kama mtu anavyoacha kutumia sukari. Alikuwa ameendelea kunipikia na kunifulia, lakini neno langu halikuwa na uzito kwake hata wa kuchemsha yai moja. Nawaambia ukweli, niliogopa. Niliona kwamba Jumamosi hiyo ikipita, hakutakuwa na ahadi nyingine ninayoweza kumpa mwanamke huyu akaisikia.

Nikavaa kofia nikatoka. Wakadhani nimeenda kukasirika shambani, maana ndio desturi yangu.

Nilishuka hadi kijitoni. Gogo la kuvukia lilikuwa limebadilishwa. Sikuwa hata najua, kwa vile nilikuwa sijavuka kwenda kwa Mbaka kwa miaka kumi na mitano. Nilimkuta akipasua kuni. Mkewe, Mama Kivuti, alikuwa akimkamua ng'ombe. Nikabisha hodi nikiwa nje ya geti kama mgeni wa kutoka mbali.

"Karibu," akasema Mbaka, bila kushangaa. Akanipa kigoda. Chai ikaletwa. Tukanywa. Tukazungumza juu ya lori. Mtu hafiki kwa mwenzake akamwaga haja yake mlangoni, lakini chai ile niliiona ndefu.

"Nimekuja kuita ngwatio," nikasema mwishowe.

Shoka likawekwa chini.

"Lini?"

"Jumamosi."

"Jumamosi kila mtu anachuma."

"Najua."

"Na wewe utachuma na sisi, ama utakuwa unazunguka ukipima?"

"Sitakuwepo."

Mbaka akanitazama, akamtazama mkewe, akanirudia mimi. "Ngoja nielewe, Baba Mugendi. Tuache majani yetu, tukuje kwako. Na wewe uko wapi?"

"Mwea. Kumpeleka Mama Mugendi kuona twiga."

Nilitaka ardhi ipasuke. Tangu ngwatio ianze duniani sidhani kuna mtu aliyewahi kuomba jambo la aibu kama hilo. Mbaka akaanza kucheka. Alicheka hadi akakalia kuni zake. Mimi nikangoja. Nilikuwa nimejiambia njiani kwamba akicheka nitangoja.

"Na kuhusu kile kikapu," nikasema, "nilikosea."

Akaacha kucheka. "Kikapu kipi?"

"Kile nilichokimwaga."

"Wapi?"

"Shambani kwangu."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya watu. Nikakutukana na umekuja kunisaidia. Nisamehe, Mbaka."

"Haya," akasema polepole. "Nilikuwa nangoja useme yote."

Mama Kivuti alikuwa amesimama na ndoo yake ya maziwa. "Mwaka ule nilipofanyiwa upasuaji," akaniambia, "nani alichuma hapa? Mke wako. Akanipikia uji siku kumi na mbili. Na si mimi peke yangu; zunguka hii kijiji yote uulize. Tumekuwa tunaona majani yenu yakizeeka, tunamwona huyo mama peke yake huko ndani na jua. Tulitaka kukuja. Lakini hukuita. Mtu ataenda aje kwa boma ambayo haijaita?"

Miaka kumi na mitano nilidhani watu wamenisusa, kumbe walikuwa wamesimama getini wakingoja neno moja.

"Lakini chakula," nikasema. "Sitakuwepo, naye hatakuwepo. Nani atawapikia?"

"Yeye ameshapika," akasema Mama Kivuti. "Amepika kwetu miaka hiyo yote. Nitaingia jikoni kwake na nitumie sufuria zake. Tutaanza kwako mapema, ikifika saa tano tumemaliza, twende kwetu."

"Kuna sharti moja," akasema Mbaka, akiokota shoka lake. "Tukifika uwe umeshaingia kwa gari. Ukishuka kukagua hata jani moja, tunarudi nyumbani."

Nikakubali. Kisha nikaenda nyumba kwa nyumba, kwa miguu, kama inavyotakiwa, nikaita wengine kumi. Hakuna aliyekataa. Kila mlango niliambiwa jambo fulani ambalo Gladwell alilifanya hapo, na mengine nilikuwa siyajui. Niliondoka nyumba ya mwisho nikiwa nimejaa shukrani, na aibu nayo ikiwa imekaa hapo hapo kando yake.

Giza lilikuwa linaanza kuingia nilipofika nyumbani. "Jumamosi tunaenda," nikamwambia Gladwell. "Nimeita ngwatio."

"Umeita wewe?"

"Mimi."

"Kwa miguu?"

"Kwa miguu. Nimeanzia kwa Mbaka."

Aliingia jikoni. Baada ya muda nikasikia viazi vikimiminwa kwenye sufuria, gudugudu, gudugudu, na sijawahi kusikia kwaya yoyote ya kanisani ikaimba vizuri hivyo. Sheila alifungua daftari lake, akaandika upya saa ya kuondoka.

Ijumaa tulipanga kila kitu. Mkebe wa maziwa ulisuguliwa kwa majivu ukajazwa maji. Chapati zilifungwa kwa kitambaa. Kiende alitaka kubeba mwavuli, Sheila akasema twiga wataogopa mwavuli, wakabishana nusu saa, mwavuli ukashinda. Mugendi akafika jioni na gari la Kinoti, akalipaki likitazama barabara. Lakini zile raba zilibaki kwenye boksi. Gladwell alifunga kikapu, ndiyo, ila raba hakuzigusa. Nikaona kwamba ameniamini hadi kwenye viazi, na hajafika kwenye viatu. Sikulalamika. Mtu aliyefukarika huanza na kidogo.

Jumamosi asubuhi ukungu ulikuwa umelala juu ya chai. Tulikuwa tumeshaingia garini, Gladwell mbele, amevaa ndara zake za zamani, boksi la raba likiwa mapajani. Wakaja. Niliwahesabu kumi na wawili, vikapu mgongoni, Mama Kivuti akiwa na mfuko wa mahindi na maharagwe kichwani. Gladwell alishusha kioo akawasalimia mmoja mmoja kwa jina.

Mbaka alitangulia kuingia mstari wa kwanza. Akachuma. Kisha akageuka, akaniinulia mkono wake nione: jani la kwanza, la pili, la tatu, la nne, gumu kama ngozi. Akalitia kikapuni huku ananiangalia.

Mkono wangu ulifika kwenye kitasa cha mlango. Nasema kweli, ulifika wenyewe.

"Guka," akasema Sheila, "funga dirisha."

Nikafunga. Mugendi akaliondoa gari. Nyuma yetu nilimsikia Mbaka akicheka hadi tukapinda kona.

Tuliteremka Embu, tukaendelea kuteremka, makoti yakavuliwa moja baada ya lingine. Pale kwenye mwinuko ilipochemka ile pikapu, Gladwell aliweka mkono juu ya kifuniko cha boksi. Tukafika geti la mbuga. Askari wa wanyama akaangalia karatasi zetu kwenye simu ya Mugendi, akachungulia ndani, akausifu mkebe wa maziwa, akainua mti wa geti.

Gari lilipopita tu, Gladwell akainama. Akafungua boksi. Akavaa raba ya kwanza, akafunga kamba, akavaa ya pili. Nilikuwa nyuma yake, namwona shingo tu na mikono ikifanya kazi. Niligeuka nikatazama nje upande wa pili, nikamwambia Sheila vumbi la huku ni kali.

Sitawaeleza habari za wanyama. Sheila anazo zote kwenye daftari. Twiga walikuwa watano, na nyati mmoja alitukazia macho kama karani wa kituo. Ndovu tulimwona kwa nyuma tu, Sheila akatia nusu alama. Mnamo saa tano tulifika mahali palipo juu kidogo ya mto, ambapo wageni huruhusiwa kushuka. Mbele yetu nyasi zilienda, zikaenda, zimeanza kugeuka rangi ya asali, wala hakukuwa na kilima cha kuzizuia.

Gladwell alitandika leso yake. Akaketi. Akanyoosha miguu mbele, raba za buluu zikielekea kule kwenye nyasi.

Nikakaa kando yake. Ilikuwa saa tano, nikajua kule nyumbani wamemaliza, nikafungua mdomo kusema jambo juu ya majani.

"Nyamaza kidogo," akasema.

Nikanyamaza. Nadhani tulikaa saa nzima. Kiende alimzuia Sheila, na Mugendi alisimama kando ya gari akiwa amevua kofia kama yuko kanisani. Namshukuru Mungu kwa saa ile. Nawashukuru watu kumi na wawili walioinunua kwa mikono yao kwenye ukungu, pamoja na lile jani gumu la Mbaka. Sikustahili, na nilipewa.

Mwishowe Gladwell akavuta pumzi.

"Leo mbuzi waingie shamba la watu tu," akasema. "Mwenye shamba atajua la kufanya."

Akacheka, akakifungua kikapu, na kwa mara ya kwanza mayai yake yakaliwa mahali yalipokusudiwa. Sheila akatia alama yake ya mwisho.

Tulirudi jua likiwa bado juu ya mlima. Majani yalikuwa yameshaenda na lori, na karani hakurudisha hata jani moja, jambo linaloniuma kidogo. Sufuria zilikuwa zimeoshwa na kupinduliwa. Shamba lote lilikuwa limechumwa, isipokuwa mstari mmoja karibu na mlango. Mbaka alikuwa amekalia jiwe hapo, akiningoja.

"Huo tumekuachia," akasema. "Uchume vile wewe unataka, sisi tukiangalia."

"Jumanne nitakuja kwako," nikamjibu. "Na nitachuma majani manne."

"Thubutu," akasema, na tukashikana mikono.

Jumapili, Kiende alipokuwa akifunga mizigo ya kurudi Meru, nilikumbuka risiti, nikamwuliza Gladwell boksi la raba amelipeleka wapi. Hakuinua kichwa kutoka kwa majivu ya jiko. Alinyoosha kidole kwenye kona. Nikaenda nikachungulia. Kuku alikuwa ameangua usiku ule. Ndani ya boksi mlikuwa na vifaranga saba, na risiti ya duka ilikuwa imetandikwa chini yao, wameshaichafua yote.